Mstari wa Nne: Walimu Wote Waogelee

Kaa hapo karibu, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili linataka mtu asiye na haraka. Kama umewahi kufundisha, utacheka kabla yangu. Kama hujawahi, usijali, nitakueleza polepole. Kueleza polepole ndiyo kazi niliyoizoea.

Mimi ni mkaguzi wa shule za msingi, wale wanaoitwa inspecteur. Hapa Kisangani nina shule kadhaa ninazozizungukia, nyingine kwa miguu, nyingine nyuma ya toleka, yaani baiskeli ya kubeba watu, yenye kiti cha sponji. Kila shule ina mpango wake wa kujiboresha. Neno hilo lisikutishe. Ni karatasi yenye mistari na vyumba: tatizo letu ni lipi, tutafanya nini, nani atafanya, na tutajuaje kwamba imefanyika. Mimi naenda na kalamu, nasoma mstari mmoja mmoja, na mbele ya kila mstari naandika neno moja kati ya matatu: imefanyika, inaendelea, haijafanyika. Basi. Utaona jinsi maneno hayo matatu yanavyoweza kumtumbukiza mtu mzima majini.

Shule yenyewe iko katika komini ya Tshopo, mojawapo ya sehemu za mji, juu ya mteremko, ambako asubuhi pikipiki zinarusha vumbi jekundu hadi madirishani. Aliyeiongoza alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Sote tulimwita mama directrice, ila kwenye karatasi alikuwa bado anakaimu tangu mkuu wa zamani alipostaafu. Ofisi ya mjini ilikuwa imemwambia waziwazi: ripoti ya kufuatilia mpango ikiwa nzuri, atathibitishwa, ikiwa mbaya, ataletwa mwingine. Ripoti hiyo ilikuwa ya kuandikwa na mimi. Na ukitaka kujua kwa nini nilipenda athibitishwe, sikia hili tu: meza yake alikuwa ameihamishia stoo, kati ya majembe na mipira iliyopasuka, ili darasa la kwanza wapate chumba chake, kwa sababu hakikuvuja.

Siku ya kwanza alinipokea humo stoo, akanikalisha kwenye kiti pekee, yeye akakaa juu ya sanduku la chaki. Akanipa mpango. Ulikuwa umepigwa chapa vizuri na kuwekwa ndani ya plastiki. Mstari wa kwanza ulihusu paa. Wa pili, vitabu. Wa tatu, mkutano wa walimu wa kila juma, ule tunaouita cellule, ambapo walimu wanakaa pamoja kuangalia namna wanavyofundisha. Nikafika mstari wa nne.

Tatizo: wanafunzi wanaovuka mto kwa pirogue, yaani mtumbwi, wanachelewa, na pengine pirogue inapinduka. Shughuli: walimu wote, pamoja na anayewasimamia, wajifunze kuogelea. Uthibitisho: kila mmoja aogelee mita ishirini mbele ya shahidi.

Nikatazama nje ya dirisha. Watoto walikuwa wanafika. Wote walikuja kwa miguu, isipokuwa ndugu wawili waliopakiwa kwenye toleka moja. Mto Tshopo uko chini huko, ni kweli, lakini hakuna mwanafunzi hata mmoja wa shule ile aliyeuvuka kuja kusoma. Mama alikuwa amenakili mpango wa shule nyingine, mzimamzima, pamoja na mto wake.

Hapo mkaguzi mwema angeweka kalamu chini na kusema, mama, mstari huu si wenu, tuufute. Mimi siku hiyo niliamka na utundu.

"Mama directrice," nikasema, uso umekauka, "pirogue yenu iko wapi?"

Hakupepesa. "Iko kwa fundi, papa inspecteur. Ilitoboka."

"Pole sana. Na mstari wa tano unasema kuna filimbi ya bandarini."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa filimbi ya mpira wa miguu, akaiweka mbele yangu.

"Aha. Na huu wa nne? Walimu wanaogelea?"

Nyuma ya mlango nilisikia mtu akikohoa. Baadaye nilijua ni mwalimu wa darasa la sita, mzee wa shule, aliyekuwa amekuja kuchukua chaki.

"Inaendelea," akasema mama directrice.

Nikaandika: inaendelea. Nikamwambia nitarudi baada ya majuma matano, na shahidi nitakuwa mimi mwenyewe. Akanishukuru. Njia nzima nilicheka peke yangu nyuma ya toleka hadi mwendeshaji akageuka. "Tonton, uko sawa? Ao nisimame?"

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Nilitegemea acheke. Yeye alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, hakuacha kutwanga.

"Ule mpango ni wa nani?" akauliza.

"Wa shule fulani ya kando ya mto. Ameunakili."

"Shule gani?"

Nikasema sijui. Lakini mchi ulikuwa unapiga, na kila ulipopiga nilizidi kujua. Nikaenda kufungua sanduku langu la makaratasi. Miaka ya nyuma, kabla ya ukaguzi, niliongoza shule moja upande wa Isangi, ambako watoto wanakuja kwa mitumbwi kweli. Mpango wa shule ile niliuandika mimi. Na mwaka uliotangulia, katika mafunzo ya wakuu wa shule, niliutoa nakala, nikawagawia wote. Mfano mzuri, niliwaambia. Ufuateni.

Kwenye nakala yangu, mbele ya mstari wa nne, palikuwa na mwandiko wangu: imefanyika.

Mke wangu alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, mikono ina majani. "Na weye ulijifunza kuogelea lini?"

Sikujifunza. Walimu wa kule wote walizaliwa majini, waliogelea kabla ya kutembea. Aliyebaki ni msimamizi wao, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

Sasa nikueleze nilivyofikiri, wala si kwa kujisifu. Kwanza nilifikiri kunyamaza. Halafu nikafikiri kumwandikia mama directrice "haijafanyika" na kumsahihisha kwa upole kuhusu kunakili. Lakini ningewezaje kumkanya kwa kunakili bila kusema kanakili kwa nani? Siku kumi na mbili nilizunguka na jambo hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Siku ya kumi na tatu nikaenda, bila kutoa taarifa, alasiri ya cellule, nimwambie ukweli na tuufute mstari pamoja.

Shule ilikuwa tupu. Mlinzi alikuwa anafagia veranda.

"Walimu wako wapi?"

"Kwa samaki," akasema, akanionyesha kwa kidevu njia ya nyuma.

Nyuma ya shule, ukishuka kidogo kati ya migomba, kuna bwawa la kufugia samaki. Ni la mama mmoja wa kamati ya wazazi, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, aliyezaliwa Barumbu kando ya mto mkubwa na kuletwa mjini kwa shangazi yake akiwa msichana mdogo. Nilisikia kicheko chake kabla ya kuona maji. Nikasimama nyuma ya mgomba mnene.

Walimu saba walikuwa ndani ya bwawa, maji yakiwafika kifuani. Wanaume walivaa kaputula, akina mama walikuwa wamefunga vikwembe, yaani vitenge, juu ya nguo na kuvikaza mafundo. Mama directrice alikuwa katikati, kilemba kichwani, anapiga miguu kama mtu anayekanyaga udongo. Mwalimu wa darasa la kwanza alipiga kelele.

"Kitu imenigusa! Imenigusa muguu!"

"Ni ngolo," akasema mwenye bwawa. "Samaki tu. Yeye ndiye anakuogopa. Weka uso kwa maji, toa pumzi, ndiyo, kama unapuliza moto."

Na pale ukingoni, amekumbatia shina la mgomba linaloelea, alikuwepo mwalimu wa darasa la sita, yule wa chaki. Huyu ni mtu ninayemheshimu, lakini lazima nikuambie alivyokuwa. Kwa miaka yake yote alifundisha kwa sauti moja, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Aliyeelewa alikaa mbele. Asiyeelewa alipelekwa nyuma, na nyuma ndiko alikomalizia mwaka. Nilikuwa nimemwandikia mashauri kuhusu jambo hilo kwenye ripoti nne. Alizisoma zote, akazitia saini, akaendelea.

"Achilia mugomba, maître," akasema mwenye bwawa.

"Siachilie."

"Basi shika mukono yangu kwanza, ndiyo uachilie."

"Mama, usinichezee. Miye niko mutu mukubwa."

"Najua. Ulikuwa mukubwa tangu zamani. Ulikuwa mwalimu wangu."

Wengine wakaacha kupiga miguu. Yeye akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya samaki. "Nilitoka Barumbu, sikujua Français hata moja. Ukaniweka nyuma, karibu na mulango. Ukasema kichwa yangu iko nguvu kama kokoti, ile nazi kavu. Si unakumbuka?"

Mwalimu wa sita alimtazama. Ndevu zake zilikuwa zinadondosha maji.

"Nakumbuka mulango," akasema hatimaye.

"Bon. Sasa sikiliza. Nakushika hapa kwa mugongo. Naondoa mukono, nahesabu mpaka tano, nakushika tena. Sikuache. Ukishindwa, unashindwa mikononi mwangu. Donc, uko tayari?"

"Uhesabu haraka."

"Nahesabu vile naogelea. Moja."

Akaachilia mgomba. Akazama kidogo, akakohoa, akashikwa. "Mbili haukufika," akasema mama. "Si neno. Tena." Mara ya nne alifika tano. Walimu wote wakapiga makofi majini, wakamrushia maji, na mwalimu wa kwanza akasema, "Maître, sasa utaenda kukaa mbele!"

Nilicheka kwa sauti. Hapo wakaniona.

Mama directrice alitoka majini, akajifunga kikwembe kikavu, akanijia bila haraka. Nikaona nisipoanza mimi sitaanza kamwe. Nikamwambia yote: mpango ni wangu, mto ni wa Isangi, nilijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna pirogue, na niliuliza kwa kuchokoza tu.

"Najua ni wako," akasema. "Uligawa wewe."

"Basi kwa nini usiniambie? Kwa nini usiandike wa kwenu?"

Akamtuma mwalimu mmoja stoo, na huyo akarudi na daftari la zamani. Ndani yake kulikuwa na karatasi nne za mkono. Ulikuwa mpango wake wa kwanza. Tatizo: darasa la kwanza wananyeshewa. Tatizo: watoto wa nyuma katika darasa la sita hawasomi, kwa sababu hakuna anayewasomesha. Shughuli: walimu waingie katika madarasa ya wenzao, watazame, wasaidiane. Kila kitu kilikuwepo, na kila kitu kilikuwa cha shule ile. Juu, kwa kalamu nyekundu, palikuwa pameandikwa: Haufuati mfano. Andika upya.

Mwandiko ulikuwa wangu.

"Nikafuata mfano," akasema. "Halafu ukakuja, ukaandika inaendelea. Nikasema, bon, basi iendelee."

Nikamwomba msamaha pale pale, kando ya samaki. Nikamwambia tuufute mstari wa nne sasa hivi, hakuna haja ya kuendelea kulowa. Akageuka akawatazama wenzake. Walikuwa wamekaa ukingoni, wanatetemeka, wanakula makemba, yaani ndizi, ya kuchoma aliyowaletea mwenye bwawa.

"Usifute," akasema. "Ngoja kwanza usikie cellule."

Akakaa kati yao na daftari magotini. Akauliza maswali matatu tu. Nani ameogopa leo? Aliogopa nini? Na aliyetufundisha alifanya nini ili tusiogope? Nimehudhuria cellule nyingi ambazo walimu wanasoma kurasa za mwongozo huku wakitazama saa. Hapa kila mtu aliongea. Mwalimu wa kwanza alisema aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa ngolo. Mwingine alisema alisaidiwa na kuhesabu, kwa sababu alijua woga utaishia wapi. Mwalimu wa sita aliongea wa mwisho.

"Aliniambia nitashindwa mikononi mwake," akasema. Akatafuna ndizi yake. "Mimi sijawahi kumwambia mwanafunzi hivyo."

Mama directrice hakumuuliza zaidi. Aliandika tu.

Majuma matano yalipotimia nikarudi kwa ziara yangu rasmi. Asubuhi nilikaa katika darasa la sita. Mzee alikuwa amepanga madawati upya, mstari wa nyuma ukawa wa mbele. Msichana mmoja alisimama kusoma. Mwalimu aliweka kidole chini ya neno, akatembea nalo hadi katikati ya sentensi, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Naondoa kidole. Nahesabu mpaka tano, halafu narudisha." Msichana akasoma maneno matatu peke yake, akakwama, kidole kikarudi. "Si neno," akasema mzee. "Tena." Nilijifanya napangusa miwani.

Mchana tukashuka bwawani. Bwawa lina urefu wa mita kumi hivi, kwa hiyo ilikuwa kwenda na kurudi. Mwenye bwawa alisimama ukingoni na ile filimbi ya mstari wa tano, akaipuliza kwa furaha kuliko ilivyohitajika. Mmoja mmoja wakapita. Mama directrice alikwenda kama mjusi, kichwa juu, kilemba kikavu. Mwalimu wa sita alikwenda na mgomba, na katika kurudi akausukuma pembeni, akaja bila kitu, akimeza maji na kutoa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye ripoti. Nikatoa kalamu.

"Imefanyika," nikasema.

"Bado," akasema mama directrice. "Soma vizuri, papa inspecteur. Walimu wote, pamoja na anayewasimamia. Hawa nawasimamia mimi, nimeogelea. Mimi nani ananisimamia?"

Saba wote wakanigeukia, wanadondosha maji, wanatabasamu. Nikawaambia nina karatasi mfukoni. Mwalimu wa kwanza akazipokea. Nikasema viatu. Mwingine akavivua mwenyewe. Mwalimu wa sita akaniletea mgomba, akaniwekea mbele kwa heshima zote.

"Mutaniona nacheka?" akasema. "Hapana. Nitahesabu polepole."

Niliingia na suruali yangu ya kazi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi chini. Kitu kikanigusa mguu, na naomba usimwambie mtu kelele niliyopiga. Nilishika mgomba, nikapiga miguu, nikafika katikati ya bwawa, na hapo katikati miguu yangu iliamua kusimama. Nikasimama. Mwenye bwawa alipuliza filimbi, akachukua kalamu yangu na karatasi yangu, akaandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka, polepole, huku akisoma kwa sauti kila silabi.

"Inspecteur: i-na-e-nde-le-a."

Ripoti niliiandika siku mbili baadaye, karatasi zikiwa zimeanikwa, maana zilipokelewa na mikono iliyolowa. Niliandika kwamba mstari wa nne haukuhusu shule ile, kwamba ulitoka katika mfano wangu, na kwamba mimi ndiye niliyeukataa mpango wao wa kweli. Niliandika pia kwamba walimu wamefanya kile kilichoandikwa, na nikaeleza kilichotokea katika darasa la sita. Nikaambatanisha zile karatasi nne za mkono pamoja na wino wangu mwekundu. Nikaipeleka ofisini kwa mkono wangu, kwa sababu nilijua nikiituma ningepata muda wa kuilainisha.

Barua mbili zikaja. Moja ilinitaka mimi nieleze kwa maandishi jinsi mfano wa kando ya mto ulivyosambazwa katika shule za nchi kavu. Nimeeleza. Ukurasa mmoja, bila kuzungushazungusha. Barua ya pili ilimthibitisha mama directrice, na kumwagiza aendelee kwa mpango wake wa kwanza. Aliisoma ndani ya stoo, amekaa juu ya sanduku la chaki, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari. Halafu akaniuliza kama Alhamisi nitakuja bwawani, maana nina mita kumi na tano zimebaki.

Naenda kila Alhamisi. Sasa nafika ukingo wa pili, ila kurudi ndiyo kazi. Na katika mafunzo sigawi tena mfano. Nagawa karatasi tupu, na wakuu wa shule wananikasirikia kwa saa nzima ya kwanza.

Kama una mpango wa shule, au mpango wowote wa kazi, fanya hivi juma hili. Waite wale watakaoufanya, wakae chini. Usome mstari mmoja mmoja kwa sauti, na baada ya kila mstari uulize, "Hili tatizo liko wapi hapa kwetu?" Asipokuwepo hata mmoja wa kunyoosha mkono na kuonyesha mahali, chukua kalamu, ufute mstari huo, kisha usome unaofuata.